Nyumba Yako Nayo Inadai Kodi: Mwongozo Kamili wa Bajeti ya Kutunza Nyumba Mwanza

Siku tuliyohamia kwetu Nyasaka nilimwambia mume wangu kwamba sasa tumepumzika, hakuna tena mwenye nyumba wa kugonga mlango kila baada ya miezi sita. Ile hela ya kodi tukaigawa papo hapo: nusu ikaenda kwenye ada za watoto, nusu ikaingia dukani. Mwaka wa tatu bati la upande wa magharibi likaanza kuvuja, shimo la choo likajaa katikati ya masika, na ukuta wa nyuma, ule tuliouegemeza mlima, ukatoka tumbo. Tukakopa. Marejesho ya mkopo ule kwa mwezi yalizidi kodi tuliyokuwa tukilipa tulipopanga Nyakato.

Tangu hapo kwetu kodi inalipwa kama zamani, ila anayelipwa ni nyumba yenyewe. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kukijua kiasi ambacho nyumba yako inakudai, mahali pa kukiweka, na namna ya kukitoa bila kuibiwa wala kujiibia. Nimeuandika kwa kufikiria nyumba za huku kwetu: nyumba iliyo juu ya mawe, iliyojengwa kidogokidogo kwa miaka, na familia yenye kipato kinachopanda na kushuka.

Hatua ya kwanza: izunguke nyumba ukiwa na daftari

Chagua Jumamosi moja baada ya mvua kubwa. Mvua huonyesha siri za nyumba, na jua la Julai huzificha. Anza juu: ingia kila chumba utazame dari. Doa la kahawia kwenye jipsam maana yake maji yameshapita kwenye bati na mbao za kenchi, hata kama leo pamekauka. Toka nje utazame misumari ya bati. Mpira ulio chini ya kofia ya msumari hukauka kwa jua na kupasuka, na hapo ndipo mavujio mengi huanzia, bati lenyewe likiwa bado zima.

Kisha kuta. Kila ufa uutie alama ya penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe. Ukirudi baada ya miezi mitatu ukakuta ufa umevuka alama, ujue nyumba inatembea, na hilo ni la fundi anayeujua msingi, si la mpaka rangi. Ufa mwembamba kama unywele kwenye lipu ambao haujasogea mwaka mzima usikunyime usingizi. Tazama pia chini ya kuta, kwenye fremu za milango na nyuma ya makabati, kama kuna vile vijia vya udongo ambavyo mchwa hujitengenezea wanapopanda kwenda kwenye mbao.

Funua chemba zote za majitaka. Washa kila swichi. Fungua na ufunge kila koki.

Kwa kila kitu andika mambo matatu: kiliwekwa mwaka gani, hali yake sasa ikoje, na kukiweka upya leo ni shilingi ngapi. Hilo la tatu usilikisie. Pita kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, angalau mawili, uulize. Ukiuliza bati taja geji, kwa sababu namba ikipanda bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na muuzaji akikutajia bei nzuri bila geji bado hajakutajia bei.

Hatua ya pili: tenganisha kula, kutunza na kumalizia

Wengi wetu tunahamia kabla nyumba haijaisha. Madirisha ya mbele yana aluminiamu, ya nyuma yamezibwa kwa mbao. Sebule ina vigae, vyumba vina sakafu ya saruji. Hakuna aibu katika hilo, ndivyo familia nyingi zilivyotoka kwenye kupanga. Hatari yake iko kwenye hesabu, kwa kuwa kila shilingi inayopatikana huvutwa na kazi ya kumalizia. Utasikia mtu anatafuta hela ya uzio huku kenchi zake zinaliwa na mchwa.

Kwa hiyo daftari liwe na kurasa tatu zisizochanganyika. Ukurasa wa kula ni wa matumizi ya kila mwezi ya nyumba: umeme, maji, taka, ulinzi. Wa kutunza ni wa vitu vilivyopo ambavyo vinachakaa. Wa kumalizia ni wa vitu ambavyo bado havipo. Fedha ya kutunza isivuke kwenda kumalizia, hata kwa mkopo wa wiki mbili. Ukiruhusu mara moja, hairudi.

Hatua ya tatu: yaandike matumizi ya mwezi kama yalivyo

Umeme kwanza. Bei ya uniti kwa mteja wa kawaida wa nyumbani, ile iliyowekwa mwaka 2016, ni shilingi 292, na ukijumlisha kodi na tozo inafika takribani 356. Nyumba inayotumia uniti 120 kwa mwezi inahitaji kama shilingi 42,700. Waliosajiliwa kwenye kundi la matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa chini ya hapo kwa mbali, kwa hiyo ukiwa humo kila kifaa kipya cha umeme kipigie hesabu kabla hujakinunua.

Ndani ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kuna kodi ya jengo. Tangu Julai 2021 inakatwa humo, na kuanzia Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, yaani 18,000 kwa mwaka. Kwa ghorofa mijini ni 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Ukikaa miezi mitatu bila kununua umeme, deni linakungoja: siku utakayonunua litakatwa lote, na usishangae uniti zikiwa chache. Kama kiwanja chako kina mita mbili za umeme kwa jengo moja, angalia usikatwe mara mbili, na ukikuta hivyo peleka maelezo kwa mamlaka inayoikusanya kodi hiyo. Mwenye wapangaji naye akumbuke kwamba kodi hii ni yake. Mpangaji anayenunua LUKU anakulipia, na haki yake ni kurudishiwa hela hiyo au kuikata kwenye pango.

Maji ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, hupimwa kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ishike hesabu hiyo kichwani. Siku bomba likikauka ukanunua ndoo kwa shilingi 200, uniti moja imekugharimu 10,000. Ndiyo maana tanki la akiba nimeliweka kwenye ukurasa wa kutunza, wala si kwenye anasa.

Kila mwisho wa mwezi fanya jaribio hili, halina gharama: usiku watu wakishalala funga koki zote, andika namba za mita, asubuhi kabla hajaamka mtu zisome tena. Zikiwa zimesogea, kuna mahali panavuja. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza lita kumi na zaidi kwa siku. Choo ambacho maji yake hayakatiki kwenye tangi lake la kusukumia kinaweza kupoteza mamia ya lita. Mpira wa koki ni hela ya maandazi.

Wanaopandisha maji kwa pampu nao wahesabu: pampu ya nguvu ya farasi moja inakula takribani robo tatu ya uniti kwa saa, kama shilingi 270. Ukiiwasha saa moja kila siku ni zaidi ya 8,000 kwa mwezi. Hakikisha boya la tanki linafanya kazi, maana tanki linalofurika juu ya mnara usiku linamwaga hela za bili mbili, ya maji na ya umeme.

Vilivyobaki ni ada ya taka na mchango wa ulinzi wa mtaa. Ni vidogo, lakini viandike. Sungusungu walianzia huku kwetu Usukuma na Unyamwezi miaka ya 1980, na hadi leo mtaa unaochangia ulinzi wake unalala. Chukua risiti.

Hatua ya nne: mambo ya mara moja kwa mwaka

Watu wengi huchanganya kodi ya jengo na kodi ya pango la ardhi. Ya jengo ndiyo hiyo ya LUKU. Ya ardhi hulipwa Wizara ya Ardhi kwa namba ya malipo, kila mwaka wa fedha unaoanza Julai, na kiwango chake hutegemea ukubwa wa kiwanja, eneo na matumizi yaliyoandikwa kwenye hati. Ukichelewa inazaa riba, na deni la muda mrefu linaweza kufika hadi kufutiwa milki. Iweke Julai, ilipe Julai. Kama kiwanja kimesajiliwa kuwa cha makazi na biashara kwa sababu ya kibanda ulichokwisha kukifunga zamani, nenda halmashauri uulize kubadilisha matumizi, kwa kuwa unalipia duka lisilokuwepo.

Kama huna hati, bajeti yako inahitaji mstari wa urasimishaji: mchango wa upimaji, gharama za hati, nauli za kufuatilia. Maeneo mengi ya milimani Mwanza yalijengwa kabla ya kupimwa, na sheria ya ardhi ya mwaka 1999 imeweka leseni ya makazi kwa wakazi wa aina hii, ya muda mfupi na inayohuishwa. Usiidharau leseni, lakini usiache kudunduliza ya hati.

Bima ya nyumba ni jambo ambalo wengi wetu tunaliruka. Mimi nililiruka miaka sita. Ukiamua kukata, tafuta kampuni iliyosajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na ulizia kama moto, upepo, mafuriko na maporomoko vyote vimo, kwa sababu bima ya moto peke yake haimsaidii mtu wa mlimani. Thamani unayoandika ni ile ya kuijenga nyumba upya leo, bila kiwanja. Hapa ndipo watu wanapoumia. Tuseme kuijenga upya ni shilingi milioni 60, nawe ukaandika milioni 30 ili ada iwe ndogo. Upepo ukaezua paa, hasara milioni 10. Kampuni inaweza kukulipa milioni 5 tu, kwa maelezo kwamba ulijikatia nusu. Piga picha kila chumba na stakabadhi za vifaa, zitume kwa ndugu aliye mji mwingine.

Hatua ya tano: pata kodi ambayo nyumba inakudai

Hii ndiyo hesabu yenyewe. Chukua kila kitu cha ukurasa wa kutunza, kikadirie umri, gawanya bei ya kukirudishia kwa miaka hiyo, kisha gawanya kwa 12. Nitatoa mfano wa nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko na vyoo viwili. Bei nilizoweka ni za mfano wa hesabu. Weka zako ulizozitoa dukani.

Mabati na kenchi: 7,500,000 kwa miaka 25, ni 300,000 kwa mwaka.
Rangi ya ndani na nje: 1,500,000 kila miaka mitano, ni 300,000.
Mifereji, kuta za kuzuia udongo na njia za maji: 180,000.
Koki, mabomba na vyoo: 120,000.
Milango, vitasa, geti na nyavu: 120,000.
Waya, swichi na sakiti breka: 2,000,000 kwa miaka 25, ni 80,000.
Kunyonya majitaka: 240,000 kila miaka mitatu, ni 80,000.
Tanki na mnara wake: 900,000 kwa miaka 15, ni 60,000.
Dawa ya mchwa: 300,000 kila miaka mitano, ni 60,000.

Jumla ni shilingi 1,300,000 kwa mwaka, kama 108,000 kwa mwezi. Hiyo ndiyo kodi ya nyumba yako kwako. Ukiitazama kwa mara ya kwanza inatisha. Lakini kumbuka ulikotoka: ulikuwa ukikusanya kodi ya miezi sita kwa mpigo, na uliipata kila mara, kwa sababu aliyekuwa akidai alikuwa na sura na sauti. Ule ujuzi wa kukusanya hela ya miezi sita unao bado. Weka tarehe mbili, kwa mfano mwisho wa Februari kabla ya masika na mwisho wa Agosti kabla ya vuli, na ifikapo tarehe hiyo 650,000 ziwe zimetimia.

Nyumba mpya itakudanganya. Miaka minne au mitano ya mwanzo karibu hakuna kinachoharibika, fedha inajaa, na mtu anaanza kuiona kama imelala bure. Bati lenye umri wa miaka minne limeshatumia miaka minne ya maisha yake, na deni lake la 1,200,000 lipo, ila halijagonga mlango.

Kila Julai rudi dukani uulize bei upya. Usipofanya hivyo utakuwa unaweka akiba ya bati la mwaka juzi.

Mlima, mawe na ziwa

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu ndipo bajeti ya Mwanza inapotofautiana na ya Dodoma au Tabora.

Mwanza hupata mvua ya takribani milimita 1,000 kwa mwaka, na nyingi huja kwa kishindo, za saa moja au mbili. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 40 linamwaga lita 4,800 ndani ya muda mfupi, na yote hayo, kama hakuna mifereji, yanaangukia kwenye msingi wako au wa jirani wa chini. Zidisha kwa nyumba zilizo juu yako mlimani. Mwamba haunywi maji. Udongo mwembamba uliolala juu yake ndio unaobeba kila kitu, na ukishaloa unateleza.

Ukuta wetu wa nyuma ulitoka tumbo kwa sababu hiyo. Fundi wa kwanza alikuwa ameujenga mzima, mzuri, bila tobo hata moja. Yule wa pili alipofika aliuzunguka, akaugonga kwa nyundo, akaniuliza:

"Mama, maji ya nyuma ya ukuta huu yanatokea wapi?"

"Hayatoki, fundi. Si ndiyo kazi ya ukuta, kuyazuia?"

"Ukuta kazi yake ni kushika udongo. Maji hayashikwi, mama, maji hupewa njia."

Alibomoa kipande, akapanga kokoto nyuma yake, akapitisha vipande vya bomba kila baada ya mita moja na nusu hivi ili maji yatoke mbele. Ukuta ule umesimama hadi leo. Kwa hiyo kwenye bajeti yako ya mlimani weka kazi hizi kila mwaka kabla ya vuli: kuzibua matobo ya kuta, kuondoa udongo na takataka kwenye mifereji ya ardhini, na kutazama mawe makubwa yaliyo juu ya nyumba. Jiwe lililokaa miaka mingi halitishi. La kulitazama ni lile ambalo mvua imelichimba chini, au lile ambalo jirani amelikata ubavu ili apate mahali pa choo. Hapo usingoje, nenda kwa mwenyekiti wa mtaa mapema, maana kazi ya kulizuia au kulipasua ni ya kuchangia, na haifanyiki ukiwa peke yako.

Choo ni gharama nyingine ya mlimani. Shimo juu ya mwamba huwa fupi, hivyo hujaa haraka, na gari la kunyonya majitaka lina urefu wa mpira wake. Kabla hujaweka bajeti pima kwa hatua kutoka barabara ambayo gari linafika hadi kwenye shimo, na uulize wenye gari kama wanafika na wanaongeza kiasi gani. Katika baadhi ya mitaa ya milimani, Igogo na Mabatini ikiwemo, mamlaka ya maji imepitisha mfumo wa mabomba membamba ya majitaka yanayofuata vichochoro. Kama umepita karibu nawe, hela ya kuungwa iweke mbele ya vigae na jipsam. Kuna wanaongoja mvua kubwa ili wafungulie choo kishuke na maji. Hayo maji yanapita kwenye milango ya watu wenye watoto wachanga na kuishia ziwani tunakovuta maji ya kunywa. Kipindupindu hakizuiwi na uzio. Tafadhali, weka hela ya kunyonya.

Maji hayohayo ya paa, ukiyapa mfereji na tanki, yanakulipa. Kwa mwaka mzima paa lile la mita 120 hupokea kama lita 120,000, uniti 120 za maji. Hutazishika zote, lakini hata robo yake ni uniti 30 za kufulia, kuoshea na kumwagilia. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache imwagike, kwa maana inaosha vumbi na vinyesi vya ndege.

Wa ufukweni wana yao. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo usitie shilingi kwenye banda au ukuta ulio ndani ya mstari huo. Ziwa lenyewe limeshatuonyesha: mwaka 2020 lilifikia kimo kisichoonekana tangu 1964, na 2024 likapanda tena. Anayenunua nyumba Luchelele au Kayenze aulize wazee maji yalifika wapi miaka hiyo. Na wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama nguzo za moshi hufuata taa za nje na kuchafua kuta nyeupe. Rangi ya mafuta inayooshwa kwa kitambaa, kimo cha kiuno hadi juu ya taa ya barazani, inaokoa kupaka upya.

Radi za ukanda wa ziwa hazihitaji maelezo. Mwite fundi umeme mwenye leseni apime waya wa ethi, ule unaoupeleka umeme uliopotea ardhini, kwa sababu ardhi ya mawe huzifanya nondo za ethi zishike vibaya na mara nyingi inabidi kuongezwa nyingine. Gadi ya friji, kile kifaa cha kuikinga umeme ukipanda na kushuka, inunue. Wingu likifunga, chomoa.

Hatua ya sita: fedha ikae wapi

Isikae kwenye simu unayonunulia nyanya. Tafuta mahali ambapo kuitoa kunakuchukua siku moja au mbili. Wengine hutumia akaunti ya pili ya benki isiyo na kadi. Wengine huingiza kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, inazaa kidogo na inatoka baada ya siku chache za kazi. Kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, kinafaa kwa fungu la rangi au vigae, vitu ambavyo tarehe yake unaijua. Hakifai kwa dharura, kwa sababu bati likiezuliwa mwezi wa nne, kikundi kinavunja mwezi wa kumi na mbili. Mchezo wa kupokezana ni hivyohivyo, uchukue ukiomba zamu inayokaribia Agosti.

Kuna desturi yetu ya kuweka akiba kwa kununua vifaa. Ni nzuri kwa mabati, nondo na tofali vilivyofunikwa vizuri. Saruji usiilimbikize, ikipita miezi mitatu inaanza kupoteza nguvu hata mfuko ukiwa haujafunguliwa, na karibu na ziwa unyevu unaiwahi.

Mwenye mshahara akate siku ya mshahara. Lakini Mwanza si mji wa mishahara. Anayeuza dagaa Mwaloni pale Kirumba anajua kwamba fedha inafuata giza: mwezi ukiwa mpevu taa za wavuvi hazivuti dagaa, na siku hizo mfuko hukauka. Huyu asijiwekee shilingi 108,000 kila tarehe 1. Ajiwekee fungu kwenye kila mauzo ya siku za giza, tuseme shilingi 5 katika kila 100 ya faida, na siku za mbalamwezi asijidai. Mwenye pamba Kwimba au Magu anavuna mara moja, basi nyumba yake ilipwe kodi ya mwaka mzima wiki hiyohiyo ya mauzo, kabla ng'ombe na harusi havijaisikia.

Nje ya mfuko huu wa kutunza weka mwingine mdogo wa dharura, unaotosha turubai kubwa, mbao chache, fundi wa siku mbili na nauli. Ndio unaokuzuia kukopa kwa riba usiku wa mvua.

Hatua ya saba: kuitoa fedha bila kuipoteza

Tenganisha vifaa na ufundi. Nunua vifaa mwenyewe kwa orodha ya fundi, na orodha hiyo ioneshe fundi wa pili kabla hujaenda dukani. Ufundi ulipe kwa mafungu matatu: kidogo kazi ikianza, kikubwa ikifika katikati, na la mwisho baada ya mvua ya kwanza, hasa kwa paa na mifereji. Fundi anayejiamini atakubali. Andikianeni, hata kwenye karatasi ya daftari, kiasi, siku na kazi, mkasaini mbele ya mtu. Tuliwahi kumlipa mtu yote mapema kwa sababu alikuwa na msiba, na tulimhurumia kweli. Kazi ikalala miezi mitano, dari likaoza. Msiba unachangiwa kwa bahasha yake, na kazi inalipwa kwa hatua zake.

Kabla ya kuongeza chumba, kuinua ghorofa au kujenga uzio, kibali cha ujenzi cha halmashauri kiwe kwenye bajeti, iwe ya Jiji la Mwanza au ya Manispaa ya Ilemela. Alama nyekundu ya X ukutani, ya kuamriwa kubomoa, ni ghali kuliko kibali.

Fedha ikiwa haitoshi kazi zote

Mara nyingi haitatosha. Agosti ikifika na mfuko una nusu, fuata mpangilio huu. Kwanza kila kinachozuia maji yasiingie ndani na yasikae kwenye msingi: misumari ya bati, mifereji, matobo ya ukuta wa mlima. Pili umeme wenye kasoro, swichi inayotoa cheche au waya uliochubuka. Tatu choo. Nne mchwa, kwa sababu hawasubiri mwaka wako wa fedha, ila kwa miezi michache unaweza kuwapunguza kwa kuvunja vijia vyao na kuondoa mbao na maboksi yaliyogusa ardhi. Rangi, nyavu na geti vikae vikisubiri Februari, na mgeni akija mwonyeshe mfereji mpya.